Staki za kazi kwenye programu dhibiti ya mota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila mtu anapohamisha programu dhibiti ya mota kutoka kwenye kitanzi kimoja kikubwa kwenda kwenye mfumo wa kazi nyingi. Mifano yangu inatoka FreeRTOS, mfumo mmojawapo wa kazi nyingi, kwenye chipu za STM32 zenye prosesa ya Cortex-M4F, zikiendesha mota ya awamu tatu isiyo na brashi kwa FOC (udhibiti wa mota kwa kufuata uga wake wa sumaku), kwa kuwa huko ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi. Palipo na tofauti kwa Zephyr (mfumo mwingine wa aina hiyo) au ESP-IDF (ya chipu za ESP32) nimeitaja. Majina ya fanksheni na mipangilio nimeyaacha yalivyo ili uyatafute kwenye msimbo wako.

## Misingi

1. Staki ya kazi ni nini, na kwa nini kila kazi iwe na yake?

Kazi ni kipande cha programu ambacho kipanga-zamu hukipa zamu yake kwenye prosesa. Fanksheni inapoita nyingine, anwani ya kurudia, vigeu vya ndani na rejista zinazopaswa kuhifadhiwa hurundikwa kwenye staki, na fanksheni ikimaliza mrundo unashuka. Kipanga-zamu kinapoiondoa kazi kwenye prosesa, hali yake yote inabaki kwenye staki hiyo hiyo ikisubiri zamu nyingine. Ndiyo maana haziwezi kuchangia staki moja.

Kwenye Cortex-M staki inakua kuelekea chini, kwenye anwani ndogo zaidi. Ikipitiliza mpaka wake, inaandika juu ya chochote kilichowekwa chini yake. Kinaweza kuwa staki ya kazi nyingine. Kinaweza pia kuwa jumla ya makosa inayotunzwa na kidhibiti cha PI cha mkondo wa mota, na hapo ndipo mambo huharibika.

2. Namba ya ukubwa wa staki ninayoiandika kwenye xTaskCreate, fanksheni ya kuunda kazi, ni baiti au maneno?

Kwenye FreeRTOS ya kawaida ni maneno, na neno moja kwenye Cortex-M ni baiti 4. Ukiandika 256 umepewa baiti 1,024. ESP-IDF, ingawa imejengwa juu ya FreeRTOS, inahesabu kwa baiti, hivyo 256 ile ile ni robo tu ya ulichozoea. Zephyr ni baiti. CMSIS-RTOS2 (kiolesura cha Arm cha mifumo hii), kwenye stack_size, ni baiti pia.

Anayehamisha msimbo kutoka STM32 kwenda ESP32 bila kubadilisha namba hii ataona kifaa kikijiwasha upya mara tu kinapoanza. Huyo ana bahati. Asiye na bahati ni yule ambaye staki yake inatosha siku nzima, ikapungua siku ya hitilafu tu.

3. Nianze na ukubwa gani?

Anza na kikubwa, pima, kisha punguza. Kwa mradi mpya kwenye STM32G431, yenye RAM ya kilobaiti 32, mimi huanza na maneno 256 kwa kazi ya kitanzi cha kasi, 384 kwa mawasiliano ya CAN (basi ya ujumbe kati ya vifaa), 512 kwa kazi yoyote inayochapisha maandishi, na 256 kwa kazi inayofuatilia usalama. Jumla ni maneno 1,408, yaani baiti 5,632. Hizi ni namba za kuanzia tu. Usizipeleke kwenye bidhaa kabla hujapitia swali la 7.

4. Kitanzi cha mkondo cha 20 kHz kinatumia staki ya kazi gani?

Hakuna. Kwa kawaida kitanzi hicho kinakaa ndani ya katizo (msimbo unaomsimamisha prosesa kwa muda) la ADC, kigeuzi kinachosoma mkondo, linalochochewa na taima ya PWM, inayotoa mipigo ya kuendesha mota, na makatizo kwenye Cortex-M hutumia staki kuu, ile inayoelekezwa na rejista ya MSP. Kazi hutumia staki zao, zinazoelekezwa na rejista ya PSP.

Wengi huongeza staki ya kazi ya mota mara mbili, mara tatu, na tatizo halibadiliki, kwa sababu iliyofurika ni staki kuu. Skripti ya linka inayotolewa na STM32CubeMX huiwekea baiti 1,024 (_Min_Stack_Size = 0x400), na namba hiyo ni ukaguzi wa wakati wa kujenga programu tu; haiweki ukuta wowote kifaa kikiwa kinafanya kazi. Ndani ya baiti hizo kuna katizo la ADC na hesabu zake za FOC (Clarke, Park na PI), na juu yake katizo lolote la kipaumbele cha juu zaidi linaloweza kuingilia kati. Hesabu kila ngazi ya kipaumbele mara moja: chukua katizo lenye kina zaidi katika ngazi hiyo, ongeza baiti 104 za kuingilia (tazama swali la 5), kisha jumlisha ngazi zote.

## Kuhesabu na kupima

5. FPU, sehemu ya prosesa inayofanya hesabu za desimali, inakula staki kiasi gani?

Zaidi ya wengi wanavyodhani. Katizo likiingia wakati kazi haijawahi kugusa hesabu za desimali, prosesa yenyewe inahifadhi maneno 8, baiti 32. Kazi ikishatumia FPU hata mara moja, inatengwa nafasi ya maneno 26, baiti 104. Uhifadhi wa kuchelewesha, yaani prosesa kuandika rejista za FPU pale tu inapobidi, huokoa muda tu, maana nafasi inatengwa hata kama rejista hazijaandikwa bado.

Kipanga-zamu kikibadilisha kazi, FreeRTOS inaongeza r4 hadi r11 pamoja na r14, baiti 36, na kwa kazi yenye FPU inaongeza S16 hadi S31, baiti 64. Kwa hiyo kazi isiyo na desimali inahitaji baiti 68 kwa kusimamishwa tu, na yenye desimali inahitaji 204, ukiacha nne zinazoweza kuongezwa ili mpangilio ugawanyike kwa 8. Kiasi hiki hakijumlishwi kwa kila katizo, kwani makatizo yanayofuata hurundikana kwenye staki kuu. Lakini kila kazi iwe nacho muda wote, juu ya kina cha fanksheni zake.

Hapa kuna jambo dogo la kuangalia. Cortex-M4F inajua desimali za baiti 4 tu. Ukiandika sin(x) badala ya sinf(x), au 0.5 badala ya 0.5f, umeita double (desimali za baiti 8) bila kukusudia, na maktaba ya programu itafanya hesabu hiyo polepole na kwa staki zaidi. Washa -Wdouble-promotion ili kompaila ikuonyeshe.

6. Je, kompaila haiwezi kunihesabia?

Inaweza kwa sehemu. GCC ukiipa -fstack-usage inatoa faili ya .su kwa kila faili ya msimbo, ikionyesha baiti za kila fanksheni. Kuanzia GCC 10, -fcallgraph-info=su inaongeza ramani ya nani anamwita nani, hivyo unaweza kutafuta njia yenye kina zaidi. -Wstack-usage=256 inakupa onyo pale fanksheni moja inapopita kiasi ulichoweka.

Ramani hiyo inakatika penye fanksheni inayoitwa kupitia kielekezi, penye maktaba iliyokuja tayari imekusanywa, na penye fanksheni inayojiita yenyewe. Programu ya mota imejaa vielekezi: kiendeshi cha enkoda (kihisi cha nafasi ya rota), kishughulikia ujumbe wa CAN, jedwali la hali za mashine. Hayo matundu yazibe kwa mkono, ukiandika nani anaweza kuitwa pale.

Matundu ya aina hii yameshafika mahakamani. Mwaka 2013 huko Oklahoma, Marekani, katika kesi ya gari la Toyota lililodaiwa kuongeza kasi lenyewe, shahidi mtaalamu Michael Barr alieleza kwamba staki ambayo kampuni ilikadiria kutumika asilimia 41 ilifika asilimia 94 kwa hesabu ya timu yake, bila kuhesabu fanksheni zinazojiita. Miongoni mwa vilivyoachwa nje alitaja fanksheni zilizoitwa kwa vielekezi na staki inayotumika wakati wa kubadilisha kazi.

7. Nitajuaje kazi imefika kina gani ikiwa inaendeshwa?

FreeRTOS hujaza staki ya kila kazi kwa baiti 0xa5 inapoiunda, mradi kipimo hiki au ukaguzi wa swali la 10 umewashwa. uxTaskGetStackHighWaterMark inahesabu ni baiti ngapi za 0xa5 hazijaguswa, na kukupa nafasi ndogo kabisa iliyowahi kubaki, kwa maneno (kwa baiti kwenye ESP-IDF). Zephyr hujaza 0xaa ukiwasha CONFIG_INIT_STACKS, na CONFIG_THREAD_ANALYZER inakuchapishia matokeo. Fanksheni hii inatembea baiti kwa baiti, kwa hiyo iite kutoka kazi ya kipaumbele cha chini. Staki kuu ijaze mwenyewe mwanzoni kabisa mwa programu, kisha uihesabu kwa njia ile ile.

Kipimo hiki kinakuambia kilichotokea. Hakikuambii kinachoweza kutokea. Mota ikizunguka vizuri mezani kwa saa nane, umepima njia fupi kuliko zote, kwani kazi ya kasi inasoma enkoda, inafanya PI, inalala. Njia ndefu ni ya hitilafu: mkondo umepita kikomo, kazi ya usalama inaamka, inakusanya sampuli za mwisho, inaandika kumbukumbu kwenye flashi, inatunga ujumbe wa CAN, labda inapanga maandishi kwa snprintf. Njia hiyo haipitiwi na mtu mezani, na ndiyo inayopitiwa barabarani mpanda pikipiki ya umeme akiwa katikati ya mlima.

Basi fanya makusudi. Chomoa enkoda mota ikizunguka. Shusha volteji ya ugavi taratibu hadi kinga ya volteji ndogo iamke. Shika shafti mpaka kikomo cha mkondo kifikiwe. Jaza basi ya CAN kwa ujumbe wa kipaumbele cha juu. Hifadhi vigezo kwenye flashi huku mota ikiendeshwa, na toa kila amri ya konsoli, hasa zile zenye makosa. Baada ya kila jaribio soma kipimo na ukiandike. Nilipoanza kufanya hivi, kazi yangu ya usalama, niliyoiamini kuliko zote, ndiyo ilikuwa imebakiwa na maneno 11.

8. Niache nafasi kiasi gani juu ya nilichopima?

Baada ya majaribio ya swali la 7, mimi naacha robo ya staki iliyotengwa ikiwa wazi, na isipungue baiti 204 za swali la 5 kwa kazi ambayo bado haijagusa FPU lakini huenda ikaigusa kesho. Ukibadilisha toleo la kompaila au kiwango cha uboreshaji, pima upya.

## Staki ikifurika

9. Dalili zake ni zipi?

Mara nyingi hazifanani kabisa na staki. Mota inashtuka mara moja kwa saa. Kipimo cha mkondo kinahama kidogo na hakirudi. Hitilafu inatoweka ukiongeza kigeu kimoja cha kuchunguzia, kwa sababu umesogeza kilichokuwa jirani. Ukiona kosa linalohama kila unapobadilisha msimbo usiohusika, pima staki kabla ya kugusa hesabu za FOC.

10. Nimewasha configCHECK_FOR_STACK_OVERFLOW. Haitoshi?

Inasaidia sana wakati wa kutengeneza, lakini haizuii. Thamani ya 1 inatazama tu kama kielekezi cha staki kiko ndani ya mipaka wakati kazi inabadilishwa. Kama fanksheni ilishuka chini ya mpaka na kupanda tena kati ya mabadiliko mawili, haionekani. Thamani ya 2 inaongeza ukaguzi wa baiti za mwisho za staki, kama bado ni 0xa5. Hiyo hushika mengi, ila bafa kubwa ya ndani isiyoandikwa yote inaweza kuziruka baiti hizo bila kuzigusa.

Zote mbili zinagundua baada ya uharibifu. vApplicationStackOverflowHook inapoitwa, usijaribu kuendelea na kazi wala kuchapisha ujumbe mrefu. Zima daraja la mosfeti (swichi zinazopeleka umeme kwenye mota), hifadhi jina la kazi mahali ambapo kuwasha upya hakupafuti, kisha washa upya.

11. Prosesa ikianguka, mota yenyewe inafanya nini?

Swali hili naomba ulisome mara mbili.

Taima ya PWM haimtegemei prosesa. Prosesa ikikwama kwenye HardFault (kosa kubwa la prosesa), TIM1, yaani taima hiyo, inaendelea kutoa mipigo ile ile ya mwisho iliyoandikiwa. Uga wa sumaku unaacha kuzunguka, na volteji zilizokuwa za mawimbi zinakuwa za moja kwa moja. Rota inavutwa na kusimama, volteji inayozalishwa na mzunguko inatoweka, na mkondo unabaki kuzuiwa na ukinzani wa koili peke yake. Tuseme tofauti iliyoganda kati ya awamu mbili ni 12 V na ukinzani kati yake ni 0.1 Ω: mkondo unaelekea 120 A, na unabaki huko. Nimewahi kunusa vanishi ya koili ikiungua kwenye mota ya pampu ambayo kila mtu chumbani alidhani imezima, kwa kuwa ilikuwa imetulia kimya.

Kwa hiyo mstari wa kwanza wa HardFault_Handler uwe wa kuzima daraja: futa biti ya MOE (ruhusa ya kutoa mipigo) kwenye rejista ya BDTR ya TIM1. Kishughulikia hiki hutumia staki kuu, hivyo kinafanya kazi hata kama staki ya kazi imeharibika. Lakini iliyofurika ikiwa staki kuu, hata hicho hakiaminiki, na prosesa inaweza kujifungia kabisa. Kwenye STM32F3 na STM32G4 kuna biti kwenye SYSCFG_CFGR2 (CLL kwenye G4, LOCKUP_LOCK kwenye F3) inayounganisha kujifungia huko moja kwa moja na ingizo la breki la TIM1, linalozima mipigo yake, bila programu kuhusika. Iwashe. Kilinganishi cha mkondo nacho kiunganishe na ingizo hilo hilo la breki, na kipima-muda huru cha ulinzi, IWDG, kirutubishwe na kazi ya usalama baada ya kuthibitisha kwamba kazi nyingine zote ziko hai. Ukikirutubisha ndani ya katizo la taima, kitaendelea kushiba hata kazi zote zikiwa zimekufa.

Kisha ujaribu. Weka ugavi wa meza wenye kikomo cha 1 A, osiloskopu kwenye geti za mosfeti, na uandike amri ya konsoli inayofurisha staki makusudi. Geti zikiendelea kupiga baada ya hapo, kifaa hakijawa tayari kuondoka mezani.

12. Kuna kinga ya vifaa inayozuia kufurika kabla ya uharibifu?

Ipo, kulingana na chipu. Kwenye Cortex-M3 na M4 zenye MPU (kitengo cha kulinda kumbukumbu), unaweza kuweka eneo la baiti 32 lisiloandikika mwishoni mwa staki na kulihamisha kila kazi inapobadilishwa. Zephyr inalifanya yenyewe kwa CONFIG_HW_STACK_PROTECTION. Eneo hilo linaweza kurukwa kama ilivyoelezwa kwenye swali la 10.

Cortex-M33, kwa mfano STM32H5 na STM32U5, ina rejista za PSPLIM na MSPLIM zinazokagua kielekezi chenyewe. Kikishuka chini ya kikomo unapata UsageFault yenye biti ya STKOF hapo hapo. Kama unachagua chipu ya bidhaa mpya, hii peke yake ni sababu nzuri.

Njia isiyo na gharama kwa staki kuu ni kuiweka mwanzoni mwa RAM badala ya mwishoni. Ikifurika inagonga anwani isiyo na kumbukumbu na prosesa inalalamika, badala ya kula vigeu vyako kimya kimya. Kujifungia kunakoelezwa kwenye swali la 11 basi lazima kuwe kumeunganishwa na breki.

## Vinavyokula staki bila kuonekana

13. Kwa nini printf inaua kazi yangu?

Kwa sababu chini yake kuna fanksheni nyingi za newlib (maktaba ya C) zenye bafa zao, na %f inaongeza ugawaji wa kumbukumbu kutoka hipu. Kazi moja tu iwe na ruhusa ya kuchapisha. Nyingine zote zipeleke namba ghafi kwenye foleni, na kazi hiyo moja yenye staki kubwa izigeuze kuwa maandishi.

14. Programu inafanya kazi na -O0, nikiweka -O2 inaanguka. Au kinyume chake.

Kwa -O0, yaani bila uboreshaji wa kompaila, kila kigeu kinakaa kwenye staki, hivyo matumizi ni makubwa. Kwa -O2 kwa kawaida yanapungua, lakini kompaila inaweza kumeza fanksheni ndogo ndani ya inayoiita. Ikiwa fanksheni ya hitilafu yenye bafa ya baiti 256 imemezwa na kitanzi cha kasi, kitanzi hicho kinalipa baiti 256 kila mara, hata hitilafu isipotokea. Iandikie __attribute__((noinline)).

15. Nimehamishia staki kwenye CCM ya STM32F405 na sasa DMA inasoma takataka.

CCM ya chipu hiyo, RAM ya kilobaiti 64 ya prosesa peke yake, haifikiwi na DMA, kitengo kinachohamisha data bila prosesa. Bafa yoyote ya ndani ya fanksheni unayompa DMA inakaa kwenye staki, na sasa staki iko mahali asipofika. Hata bila CCM, bafa ya DMA haifai kukaa kwenye staki, kwa sababu fanksheni inaweza kurudi kabla DMA haijamaliza. Ifanye static, kwenye RAM ya kawaida.

## Pembezoni

16. Vigeu vya main vimeharibika baada ya vTaskStartScheduler.

Si hitilafu. Kwenye Cortex-M, FreeRTOS inarudisha MSP mwanzo inapoanza kazi ya kwanza, na makatizo yanaandika juu ya vigeu vya ndani vya main. Muundo wa mota uliouanzisha main na kuupitisha kwa kielekezi uwe static.

17. Fanksheni za taima za FreeRTOS zinatumia staki ipi?

Ya kazi ya taima, inayopangwa na configTIMER_TASK_STACK_DEPTH. Taima zote zinachangia kazi hiyo moja, hivyo ukubwa unaamuliwa na fanksheni yenye kina zaidi kati yake. Ujumbe wa «mota imezuiwa» unaotumwa kutoka taima huwa ndio wenye kina hicho.

18. RAM imekwisha. Nipunguze wapi?

Tumia xTaskCreateStatic kwanza, ili kila staki ionekane kwenye ramani ya linka na ujue unachokata. Kisha unganisha kazi ambazo haziwezi kukimbia kwa pamoja. Konsoli na usasishaji wa programu dhibiti, kwa mfano, hazihitaji staki mbili. Ondoa printf ya desimali. Geuza bafa kubwa za ndani kuwa static pale fanksheni inapoitwa na kazi moja tu.

Staki ya kazi ya usalama na staki kuu ziguse mwisho, na baada ya kuzigusa rudia majaribio yote ya swali la 7, ukianza na enkoda iliyochomolewa.